Kuondoka Bila Kuaga

Siku hizi safari hutangazwa ikiwa imeshaanza. Picha ya kwanza tunayoiona ni ya bawa la ndege na mawingu chini yake, pamoja na maneno matatu manne ya kumshukuru Mungu. Hapo ndipo majirani, wafanyakazi wenzao na nusu ya ukoo wanapojua kwamba baba fulani, mama fulani na watoto wao wamekwea pipa na hawapo nchini. Maoni yanamiminika: "Hongereni!" "Mungu awatangulie!" "Jamani, hata kutuaga?" Hilo la mwisho huwekewa alama ya kicheko pembeni ili lisionekane zito. Mimi nadhani ni zito, na ndilo ninalotaka tulitafakari hapa.

Sizungumzii safari ya siku tatu za semina Nairobi. Nazungumzia safari ndefu ya familia nzima. Tuseme baba, mama, mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 4 wanakwenda Uholanzi kwa wiki kumi, kumtembelea dada wa mama aliyeolewa huko. Maandalizi ya safari ya namna hii huchukua miezi. Kuna pasipoti za watoto, ruhusa kazini, nauli, makoti ya kuazima, nyumba ya kuachia mtu. Katika miezi yote hiyo kanuni moja inaongoza nyumba: usimwambie mtu. Hata mtoto wa miaka 8 anaijua. Shuleni akiulizwa likizo anakwenda wapi, amefundishwa kusema Morogoro.

Swali langu kwa sura ni dogo. Je, tunawakosea wanaobaki tunapoondoka bila kuwaaga? Wengi watasema hilo ni jambo la adabu, tena adabu za zamani, za enzi ambazo kwenda Ulaya ilikuwa habari ya mtaa mzima. Mimi naona kuna kitu kikubwa kuliko adabu ndani yake, lakini ili tukifikie inabidi kwanza tuwasikilize hao wanaonyamaza. Wana sababu, na sababu zao si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni husuda. Watu wetu wanaamini jicho linaweza kuharibu jambo ambalo halijaiva. Miongoni mwa Waislamu kuna riwaya inayonukuliwa mno, inayomshauri mtu afanikishe haja zake kwa kuzificha, kwa kuwa kila mwenye neema ana wa kumhusudu. Wanazuoni wametofautiana kuhusu nguvu ya riwaya hiyo, lakini mitaani haina mjadala. Hata asiyeamini kijicho anajua kwamba maneno hufanya kazi. Habari ya safari ikimfikia bosi mwenye kinyongo kabla ruhusa haijasainiwa, inaweza kuizuia ruhusa bila uchawi wowote.

Ya pili ni aibu ya kunyimwa. Viza si tiketi ya basi. Tangu Juni 2024, ombi la viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wa chini ya miaka 6 halipi. Familia yetu ya mfano inatoa euro 225 kabla haijanunua hata tiketi moja, na ikinyimwa pesa hiyo hairudi. Sasa fikiria umeshawaaga watu wote, umeshapikiwa na pilau la kuagwa, kisha unarudi kutoka dirishani na pasipoti tupu. Utaulizwa "vipi, hamjaondoka?" kwa mwaka mzima. Afadhali kunyamaza.

Ya tatu ni maombi. Ukisema unasafiri, umefungua duka. Huyu anataka simu, yule viatu namba 42, mwingine ana kifurushi "kidogo tu" cha kumpelekea mwanawe, na kilo zako ni 23. Katika hivyo vifurushi vidogo tu, watu wamewahi kubebeshwa vitu vilivyowafikisha gerezani. Tena kuna wezi: nyumba isiyo na mtu kwa wiki kumi si habari ya kutangaza kwenye kijiwe cha bodaboda.

Sababu zote hizo nazikubali. Ukiniambia kwamba hulazimiki kumwambia kila mtu kila jambo, tuko pamoja. Ila zitazame tena. Zinatetea kutotangaza, na zinatetea kuchelewa kusema hadi viza itoke. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotetea kuondoka bila kumuaga mtu yeyote. Mahali fulani katikati, busara ya kutotangaza imegeuka kuwa desturi ya kutoroka, na hatukuona ilivuka lini.

Linganisha na mambo tunayoyasema wakati huohuo tukiwa tumenyamaza. Ili familia ile ipate viza, inampa ofisa asiyeijua taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri yenye mshahara na siku za likizo, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, anwani ya mwenyeji, na bima ya afya isiyopungua euro 30,000 kwa kila mmoja. Baba na mama wanaweka vidole vyote kumi kwenye mashine. Watoto, kwa kuwa hawajafika miaka 12, wanasamehewa. Ofisa yule anajua siku ya kuondoka, siku ya kurudi, na salio la akaunti hadi senti. Shangazi aliyemlea baba wa familia hiyo tangu darasa la kwanza hajui hata kama kuna safari.

Utasema ofisa analazimisha na shangazi halazimishi. Ni kweli, na hapo ndipo maumivu yalipo: tunamwambia anayeweza kutunyima, na asiye na uwezo wa kutunyima tunamficha. Lakini tazama pia swali ambalo ofisa analiuliza. Karatasi zote zile zinajibu swali moja: utarudi? Kanuni za Schengen zinamtaka ofisa apime kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla muda wa viza haujaisha. Wamarekani wameliandika kwa ukali zaidi katika kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji: anayeomba viza ya matembezi huhesabiwa kuwa ni mhamiaji mpaka amridhishe ofisa kwamba siye. Nia haina picha wala muhuri. Kwa hiyo mwombaji anatafuta vitu vya kuisemea nia yake: kazi, nyumba, shamba, na watu. Wengi huandika katika barua ya maombi kwamba wana mzazi mzee anayewategemea, hivyo lazima warudi.

Hebu tulia hapo kidogo. Mama mzee ametajwa kwenye barua kama sababu ya kurudi. Amewekwa dhamana. Jina lake limefika ubalozini, limesomwa na kupimwa uzito, na yeye mwenyewe, aliyeketi Tanga akisubiri simu ya Jumapili, hajaambiwa. Tumemtumia kama ushahidi wa mapenzi yetu kwa nyumbani bila kumpa sehemu ndogo kabisa ya mapenzi hayo, yaani taarifa kwamba tunaondoka.

Labda tatizo ni kwamba tumesahau kuaga ni nini. Tunadhani ni kujulisha. Kama ni kujulisha tu, basi picha ya bawa la ndege inatosha. Kila mtu amejulishwa, tena kwa mpigo mmoja. Lakini lugha yetu inalijua neno hili vizuri kuliko sisi. Kutoka *aga* tunapata *agana*, na kuagana kuna maana mbili: kutakiana heri wakati wa kuachana, na kuwekeana ahadi. Kutoka hapo tunapata *agano*, neno ambalo Wakristo wanaliona kwenye jalada la Biblia kila siku. Na *agiza* linasikika kama ndugu yao wa karibu: anayebaki anamwagiza anayeondoka, na anayeondoka anaacha maagizo. Kwa Kiswahili, watu wakiachana vizuri wamefunga mkataba.

Kuna pia *buriani*, ambalo leo tunaliandika zaidi kwenye tanzia. Zamani watu walitakana buriani wakiwa hai, kabla ya safari ndefu: nisamehe nilichokukosea, nami nimekusamehe, maana hatujui nani atamkuta nani. Aliyekwenda Hijja kwa jahazi au meli aliaga hivyo. Alilipa madeni, au aliyasema mbele ya watu ili yajulikane, aliandika wasia, alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Hadi leo wanaokwenda Hijja kwa ndege hufanya hivyo, ingawa wanafika Jeddah kwa saa chache. Hawafanyi hivyo kwa sababu njia ni ya hatari kama zamani. Wanafanya hivyo kwa sababu kusafiri kunatoa nafasi ya kusema mambo ambayo ukikaa nyumbani huyasemi.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuuliza mtu anakwenda nchi gani. Nchi zote za ng'ambo kwake zilikuwa moja. Aliuliza mambo matatu: unarudi lini, nani anakupokea, na umemuachia nani nyumba. Nilikuwa nikidhani ni udadisi wa kizee. Siku hizi naona kila swali lilikuwa na kazi yake. La kwanza ni ahadi. La pili ni wasiwasi wake, alioutaka upungue. La tatu ni wajibu: umeacha pengo, nani analiziba? Ofisa wa ubalozi naye anauliza unarudi lini, lakini anauliza ili usije ukabaki kwake. Bibi aliuliza kwa sababu alitaka kujua kama atakuona tena.

Fasihi inajua safari za kimya, na tukizisoma vizuri zinatusaidia kutenganisha kimya na kimya. Katika *Odyssey* ya Homer, Telemachus anaondoka Ithaca usiku kwenda kutafuta habari za baba yake, na hamwambii mama yake Penelope. Sababu yake inaeleweka kwa kila aliyewahi kuwa na mama: angemzuia. Penelope anapogundua, analia na kusema hasa hivyo, kwamba angejua, kijana asingeondoka, au angeondoka na kumwacha yeye maiti. Lakini Telemachus hakuondoka bila kumwambia mtu. Alimwambia yaya wake mzee, Eurycleia, akamwapisha asimwambie mama mpaka ipite siku ya kumi na moja au kumi na mbili, isipokuwa mama mwenyewe akimuulizia. Katika siri yake aliacha mlango. Kuna mtu aliyejua, kuna siku iliyopangwa ya kusema, na kuna mtu wa kumshika mama mkono siku hiyo. Ni kimya, lakini ni kimya chenye mpango wa kumjali anayebaki.

Karibu na kwetu yupo Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar. Agosti 1866 aliondoka Unguja kwa siri akiwa mjamzito, ndani ya meli ya kivita ya Waingereza, akafika Aden, na mwaka uliofuata akaolewa hukohuko na Mjerumani Heinrich Ruete. Miaka 20 baadaye alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Aliporudi Zanzibar mwaka 1885, kaka yake Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo, alikataa kumpokea. Nani atamlaumu Salme kwa kutoaga? Mwanamke wa nyumba ile, mwenye mimba ile, angeaga vipi akabaki salama? Alilipa bei ya kuondoka kimya kwa maisha yake yote yaliyobaki, lakini hakuchagua kimya. Kimya kilimchagua.

Naye Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa na miaka 18, katika miaka ya mwisho ya 1960, baada ya Mapinduzi. Hakuweza kurudi hadi 1984, na akawahi kumwona baba yake muda mfupi kabla mzee hajafariki. Katika riwaya yake ya 1996, *Admiring Silence*, msimulizi ameishi Uingereza miaka mingi na mwanamke wa Kiingereza, wana binti, na nyumbani Zanzibar hajawaambia. Anaporudi kuwatembelea anakuta wanamtafutia mchumba. Unasoma ukicheka, halafu kicheko kinakauka, kwa sababu unaona kwamba kimya kilichoanza kama kuwaepusha wazazi na huzuni kimekuwa ukuta, na yeye yuko upande wa pili peke yake.

Ukiwaweka hawa pamoja, unaona tofauti. Anayekimbia hunyamaza ili aokoke. Sisi wenye tiketi ya kwenda na kurudi, bima, na mwenyeji anayetusubiri na gari, tunanyamaza ili tusisumbuliwe. Tumevaa nguo za wakimbizi kwenda matembezini. Na ule usumbufu tunaoukwepa, tukiuangalia vizuri, ni watu.

Hapa nategemea kupingwa. Utaniambia: wewe unaongelea mama na shangazi, lakini ukoo wetu una watu mia, na kila mmoja anajiona ana haki. Ukimuaga mmoja umewaaga wote kabla ya saa mbili usiku. Nakubali. Ndiyo maana nadhani kipimo hakiwezi kuwa undugu, wala mapenzi. Kipimo kiwe hiki: ni maisha ya nani yatabadilika kwa sababu sipo? Rafiki niliyesoma naye sekondari, ambaye tunachekeshana tu kwenye kundi la WhatsApp, maisha yake hayabadiliki kwa wiki kumi. Akiniona mawinguni inatosha. Lakini kuna watu wengine, na ajabu ni kwamba baadhi yao si ndugu kabisa.

Wa kwanza kwangu ni dada wa kazi. Katika nyumba nyingi zinazosafiri kimya, yeye huambiwa mwisho, mara nyingi wiki ileile, wakati masanduku ameshayaona mwenyewe chini ya kitanda. Anaambiwa: "Tunasafiri kidogo, wewe nenda nyumbani upumzike, tukirudi tutakuita." Kupumzika huko hakuna mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi na aliyeshapita mwezi wa kwanza wa kazi apewe notisi ya siku zisizopungua 28 kabla ya ajira yake kusitishwa, na yeye ni mfanyakazi kama mwingine yeyote. Lakini hata tukiiweka sheria pembeni: huyu ni mtu anayetuma pesa kwao kila mwezi, na mwezi huo hatatuma. Sisi tumepanga safari kwa miezi sita. Yeye tumempa siku tatu za kupanga njaa yake. Tulimficha ili asitoe siri. Tulipaswa kuwa tumemwambia mapema kuliko hata ndugu, kwa sababu gharama ya kutokuwepo kwetu inaanzia mfukoni mwake.

Wa pili ni tunaowadai na wanaotudai. Mama aliyeshapokea zamu yake katika mchezo wa wiki na bado ana wiki kadhaa za kuchangia, akiondoka bila kuaga, amekwenda Uholanzi kwa pesa za wenzake. Pengine atatuma kwa simu, pengine atasahau. Wenzake hawatajua ni lipi, na kutojua huko ndiko kunakovunja vikundi.

Wa tatu ni wazee na wagonjwa. Mwenye shangazi anayemnunulia dawa za presha kila mwisho wa mwezi hajamalizana naye kwa kutuma ya miezi mitatu kwa mpigo bila maelezo. Anaweza akafurahi. Anaweza pia kukaa na zile pesa mkononi akijiuliza kuna nini.

Na wa nne ni watoto wetu wenyewe, ingawa wanasafiri. Yule wa miaka 8 aliyefundishwa kusema Morogoro amejifunza jambo. Kant, mwaka 1797, aliandika makala fupi akidai kwamba hata muuaji akija mlangoni kumuulizia rafiki yako, huna ruhusa ya kumdanganya. Wengi tunaona alipitiliza, na mimi pia. Lakini makala ile ina faida moja: inatulazimisha tutofautishe kutosema na kusema uongo. Mwalimu wa darasa la tatu si muuaji. Mtoto angeweza kufundishwa kusema, "Mama amesema niwaambie tukirudi." Hiyo ni siri, na mtoto anaweza kuielewa siri. Morogoro ni uongo, na tumemtuma yeye auseme kwa niaba yetu, kwa mtu anayemwamini. Kisha anarudi na picha za theluji, na darasa zima linajua kwamba kwao husema uongo kwa ajili ya likizo.

Kuna kitu kingine, ambacho tunakikwepa hata kukitaja. Wiki kumi ni muda mrefu. Watu hufa katika wiki kumi. Tuseme simu inalia saa kumi usiku huko Uholanzi: shangazi ametutoka. Kama ni Muislamu, huenda atazikwa siku hiyohiyo kabla hata hujapata tiketi. Kama ni Mkristo, pengine unazo siku tatu nne, nauli ya watu wanne imeshatumika, na unaanza kuhesabu. Aliyeaga atalia. Lakini ana kitu mkononi: siku ile alikaa naye kibarazani, akaambiwa "nenda salama, mimi sikudai kitu". Asiyeaga naye atalia, na juu ya msiba atakuwa na hesabu ambayo hakuna tena wa kuipokea. Atasikia pia kwamba marehemu aliambiwa na jirani, kupitia simu ya jirani: "Mwanao yuko Ulaya, hukujua?" Na mzee, kwa kulinda heshima, alijibu: "Ninajua. Aliniaga." Wazee wetu wengi wametufichia aibu kwa namna hiyo, na hatutajua kamwe ni mara ngapi.

Sidai kwamba kuaga kunazuia msiba, wala kwamba radhi za wazee zinashikilia ndege angani. Nadai jambo dogo kuliko hilo. Kuaga kunampa anayebaki nafasi ya kusema neno lake kuhusu kutokuwepo kwetu: kuagiza, kulalamika, kuonya, kubariki, hata kuomba viatu namba 42. Ndiyo, ataomba. Na wewe utasema "safari hii sitaweza, shangazi", ukimtazama usoni, na yeye ataguna, na mtaendelea kunywa chai. Kukataa namna hiyo kunachosha. Ila ni kukataa kwa mtu aliyekubali kwamba anaweza kuombwa. Kimya kinakataa kabla ya ombi. Kinamhukumu shangazi kuwa ni mwombaji na mwenye kijicho kabla hajafungua mdomo. Pengine angetoa yeye. Pengine alikuwa na elfu kumi yake kwenye kitambaa, ya kukupa ununue maji njiani.

Kwa hiyo, kwa anayepanga safari sasa hivi: nyamaza mpaka viza itoke, hakuna atakayekulaumu. Usibebe kifurushi usichokifungua, hata cha mtu wa damu yako. Usitangaze kijiweni kwamba nyumba ni tupu. Lakini viza ikishatoka, kabla ya kununua masanduku, kaa na mwenzako muandike majina ya watu ambao maisha yao yatapungukiwa kitu kwa sababu hampo. Majina hayatazidi kumi. Anzeni na dada wa kazi. Wanaofikika kwa daladala wafuateni kwa miguu yenu. Wa mikoani wapigieni simu, ya kuongea, si ya kuandika. Waambieni mnakwenda wapi, mnarudi lini, na nani ameachiwa nini. Halafu nyamazeni ninyi, wao waseme.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Familia yetu ya mfano nayo itarudi, kama ilivyomwahidi ofisa. Watashuka jioni na masanduku mazito kuliko ya kwenda, na watataka kupokewa. Watagawa chokoleti na fulana, na watapokea shukrani. Lakini kupokewa ni nusu ya pili ya jambo ambalo nusu yake ya kwanza ni kuaga. Anayekupokea ni yule aliyekuwa akihesabu siku, na hawezi kuhesabu siku za safari ambayo hakuambiwa imeanza lini.